Nyuso za Jukwaani Zilizokatwa Majina: Tathmini ya Duka la Fundi Fremu, Mji Mkongwe, Bagamoyo

Duka ninalolitathmini hapa liko kwenye Barabara ya India, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Halina kibao, na mwenyewe hakupenda nitaje jina lake. Anayelitafuta aulize kwa fundi fremu, ataonyeshwa na mtoto yeyote wa mtaa huo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutia fremu picha za harusi, za mahafali na za viongozi wa nchi, hadi alipoanza kuuza kitu ambacho mimi sijakikuta kwingine: nakala za picha za kuchapwa za waigizaji wa jukwaani wa zamani, wa Uingereza, wa Ufaransa na wa Japani, anazozipata kwenye hazina za makumbusho ambazo siku hizi humruhusu mtu kupakua picha bila malipo. Nakala ya A4 ikiwa na fremu na kioo ni Sh 18,000, na ya A3 ni Sh 35,000. Mimi nilichukua sita kubwa na mbili ndogo kwa ajili ya ukumbi wa kikundi chetu cha maigizo. Hesabu ilifika Sh 246,000, tukaombana, akaniachia kwa Sh 230,000.

Mji huu una haki ya kuwa na duka la namna hii. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, tamasha lake likaanza mwaka uliofuata, na tangu mwaka 2007 chuo hicho ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Kila msimu wa tamasha kuta za mji hujaa nyuso zilizochapwa. Vijana ninaowafundisha hupiga picha wakiwa ndani ya mavazi ya mhusika kabla hata hawajashika maneno ya mhusika huyo, nami badala ya kuwagombeza niliona ni heri niwaonyeshe kwamba tabia hiyo ina zaidi ya miaka 250, na kwamba umaarufu wa mwigizaji ulikuwa bidhaa ya shaba, wino na karatasi muda mrefu kabla ya simu.

Nilianza na David Garrick, mwigizaji wa Kiingereza wa karne ya 18, kwa sababu ndiye mtu ambaye mazungumzo haya hayawezi kumruka. Tarehe 19 Oktoba 1741 alipanda jukwaa la Goodman's Fields, London, kuigiza Richard III, mfalme katika tamthiliya ya Shakespeare, na tangazo la onyesho halikumtaja kwa jina. Lilisema tu kwamba mfalme huyo angeigizwa na muungwana ambaye hajawahi kupanda jukwaa lolote. (Haikuwa kweli. Miezi michache nyuma alikuwa ameigiza Ipswich kwa jina la bandia.) Mwaka 1745 William Hogarth alimchora katika uhusika huohuo: mfalme ameshtuka usingizini ndani ya hema usiku wa kuamkia vita, macho yametoka, mkono mmoja umenyooshwa na vidole vyake vimetanuka kana kwamba anamsukuma mtu ambaye sisi hatumwoni. Hogarth alilipwa pauni 200 kwa mchoro huo na akajigamba kwamba hakuna mchoraji wa Kiingereza aliyewahi kulipwa kiasi hicho kwa picha ya mtu. Lakini mchoro wa rangi ni mmoja, nao ulikwenda kutundikwa kwa tajiri aliyeulipia. Kilichomtoa Garrick nje ya nyumba ya tajiri ni mchongo wa shaba uliotolewa mwaka 1746 na Hogarth mwenyewe akishirikiana na Charles Grignion, kwa kuwa bamba moja la shaba huzaa nakala nyingi, na nakala zikifika kwenye madirisha ya wauza picha hata asiye na senti husimama akatazama.

Garrick aliielewa biashara hiyo vizuri kuliko wenzake wengi. Alipokuwa Paris mwaka 1764 alimwandikia ndugu yake George amtumie nakala za picha zake, maana watu walikuwa wakimsumbua kwa kuziomba. Leo tungesema alikuwa anagawa picha zenye sahihi mlangoni mwa ukumbi.

Sasa, chini ya mchongo ule wa 1746 kuna ukanda mweupe wa maandishi. Unasema kwamba huyu ni Bwana Garrick katika uhusika wa Richard wa Tatu, unamtaja mchoraji, unawataja wachongaji, unatoa tarehe, na kueleza kwamba picha imechapishwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Sheria hiyo ni ya mwaka 1735. Hogarth alikuwa miongoni mwa walioipigania, na ilimpa mwenye mchongo haki ya miaka 14 dhidi ya wanaonakili kazi za watu. Kwa maoni yangu, ukanda huo ndio uliomzaa yule mtu tunayemwita nyota. Uso peke yake ni wa mtu yeyote, na mhusika peke yake ni mali ya mtunzi; ni pale jina la mtu linapoandikwa chini ya uso uliovaa uhusika ndipo mnunuzi anapoanza kulipa kiingilio ili akamtazame Garrick badala ya kumtazama mfalme.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa dhidi ya duka hili. Nilipokwenda kuchukua mzigo wangu nilimkuta fundi amemlaza Garrick juu ya meza, rula ya chuma imebanwa chini ya mguu wa kitanda cha mfalme, kisu cha karatasi mkononi. Akavuta mara moja. Ukanda wa maandishi ukaanguka sakafuni ukajikunja kama randa la mbao.

"Fundi, hapo umekata nini?"

"Maandishi tu, Mwalimu. Kioo cha A3 hakipokei urefu wote huo. Na Kizungu hicho cha kale, nani atakisoma?"

Picha nyingine saba alikuwa amekwisha kuzikata vivyo hivyo. Nikiri kwamba sababu yake si ya kipuuzi, kwani vioo anavinunua Dar es Salaam vikiwa vimekatwa kwa vipimo vya kawaida, na kioo cha kipimo cha pekee humgharimu zaidi na mara nyingi huvunjika njiani. Hata hivyo angeweza kuipunguza picha nzima kidogo ili ukanda uingie, au akaniuliza, nami ningeongeza hata Sh 5,000 kwa kila moja bila manung'uniko. Kuuza picha ya mwigizaji wa karne ya 18 bila ukanda wake ni kama kuuza kanga isiyo na jina: pindo lipo, mji upo, lakini haisemi kitu.

Kuhusu ubora wa uchapaji wenyewe, mambo yanatofautiana sana kati ya picha na picha, na mnunuzi anafaa kujua sababu kabla hajatoa fedha. Ile picha nyingine ya Garrick, ambamo amesimama katikati ya wanawake wawili, mmoja akiwa ndiye Tanzia, yaani igizo la huzuni, na mwingine Ramsa, yaani igizo la kuchekesha, ilichorwa na Joshua Reynolds kisha ikachongwa na Edward Fisher mwaka 1762 kwa mtindo wa mezotinti. Katika mtindo huu fundi huchimbachimba uso wote wa bamba la shaba kwa chombo chenye meno, hadi likipakwa wino na kuchapwa hutoa weusi mtupu. Halafu huanza kukwangua na kulainisha pale anapotaka mwanga, akitoa uso wa mtu gizani kidogo kidogo. Weusi wa mezotinti ni wa mahameli, una kina, na una ngazi nyingi kati yake na weupe. Mashine ya fundi wetu haijui ngazi hizo. Imemeza vazi la Tanzia likawa kitu kimoja na ukuta wa nyuma, na yeye mwenyewe amebaki uso na mkono ulioinuliwa, kama mtu aliyezama ndani ya lami.

Sarah Siddons amepatwa na balaa hilohilo, nami nilisikitika zaidi kwa sababu yeye ndiye niliyemtaka kuliko wote. Siddons alishindwa vibaya alipopanda jukwaa la Drury Lane mara ya kwanza, Desemba 1775, wakati Garrick akiwa ndiye msimamizi wa ukumbi huo. Aliigiza yule mwanamke anayejivika uwakili katika tamthiliya ambayo sisi tunaifahamu kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi. Alirudi kuzunguka na vikundi vya mikoani kwa miaka kadhaa, akarejea London Oktoba 1782, na safari hii watu walilia ukumbini hadi wengine wakazimia. Mwaka 1784 Reynolds alimchora akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi kama malaika wa tanzia, na nyuma yake wamesimama viumbe wawili, mmoja ameshika jambia na mwingine kikombe. Francis Haward aliitoa picha hiyo kwa mchongo mwaka 1787, akijenga vivuli vyake kwa nukta ndogondogo. Katika nakala niliyouziwa nukta zimeshikana, na viumbe wale wawili hawapo kabisa. Siddons ameketi peke yake kwenye giza. Kijana mmoja wa kikundi chetu alidhani umeme umekatika.

Ukitaka fedha yako irudi yote, nunua Wajapani. Picha za waigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, zilichapwa kwa mabamba ya mbao, kila rangi na bamba lake, mstari ukiwa mkavu na rangi ikiwa bapa, na mashine ya kawaida ya wino huziweza bila taabu. Fundi ana kazi kadhaa za Toshusai Sharaku, mchoraji ambaye kwa takriban miezi kumi tu, kati ya 1794 na 1795, alitoa picha zaidi ya 140 kupitia mchapishaji Tsutaya Juzaburo, kisha akatoweka, na utambulisho wake unabishaniwa hadi leo. Niliyoichukua ni ile ya Otani Oniji wa Tatu akiwa mtumishi mwovu: midomo imebanwa, macho yamekaribiana, vidole vya mikono yote miwili vimechomoza kifuani na kutanuka kama miguu ya kaa. Siku hiyo bibi mmoja alikuwa dukani kuchukua picha ya mahafali ya mjukuu wake. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu naye kafanyiwa nini?" Nikamjibu kwamba hajafanyiwa kitu, yeye ndiye anayekwenda kuiba. Akasogeza picha ya mjukuu wake upande wa pili wa meza.

Kasoro moja ya picha hiyo ni kwamba usuli wake wa asili ulipakwa unga wa ulanga uliong'aa kila mtazamaji alipoisogeza kwenye mwanga, na mng'ao huo hauchapiki kwa mashine. Hapa umegeuka kijivu cha majivu. Naisamehe.

Bango ambalo Alphonse Mucha alimchora Sarah Bernhardt, mwigizaji wa Kifaransa, lile lililobandikwa mitaani Paris tarehe 1 Januari 1895 na watu wakalibandua usiku kwenda kulificha majumbani mwao, lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili, kwa hiyo kulibana ndani ya A3 ni kulionea. Rangi zimetoka vizuri. Fundi anasema anaweza kulichapisha kwa ukubwa wake halisi kwenye turubai la matangazo, nami ningemshauri mwenye ukumbi au hoteli achukue hilo aache la kioo.

Ira Aldridge nimemweka peke yake kwa makusudi. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa New York, mwaka 1807, aliyevuka bahari akiwa kijana kwa kuwa nchini kwake asingepata jukwaa la kumtosha. Mwaka 1826 James Northcote alimchora akiwa Othello, jemadari mweusi katika tamthiliya ya Shakespeare, na mchoro huo uko Manchester. Mwaka 1833 aliigiza Othello katika ukumbi wa Covent Garden, London, baada ya Edmund Kean, mwigizaji aliyekuwa na uhusika huo, kuanguka mgonjwa, akashambuliwa na baadhi ya magazeti ya London kwa sababu ya rangi yake, kisha akaenda kuishangaza Ulaya bara hadi Urusi, ambako mwaka 1858 mshairi na mchoraji Taras Shevchenko alimchora. Alifia Łódź, Poland, mwaka 1867, akiwa bado kwenye ziara. Nakala ya fundi imetoka vizuri sana, kola nyeupe na macho yanayotazama pembeni vinaonekana kwa ukamilifu. Lakini kwenye kikaratasi cha bei fundi ameandika kwa kalamu ya wino mzito: "Othelo, mfalme wa Afrika." Othello hakuwa mfalme, na aliyemo pichani ni Aldridge. Wateja wengi wanaoinunua, kwa maelezo ya fundi mwenyewe, huamini ni sultani fulani wa pwani. Mtu aliyehangaika miaka 40 ili jina lake liandikwe juu ya mabango ya Ulaya anauzwa Bagamoyo bila jina, na sidhani kama ninatia chumvi nikisema hilo liliniuma kuliko kioo chenye mkwaruzo nilichokuja kukigundua nyumbani.

Bidhaa ambayo sikuitarajia, na ambayo naisifu bila masharti, ni karatasi za Sh 2,000 zenye michoro ya waigizaji isiyotiwa rangi. London ya mwanzoni mwa karne ya 19 iliuza karatasi kama hizo kwa peni moja zikiwa tupu na peni mbili zikiwa na rangi, na wanunuzi walizipeleka nyumbani wakabandika vipande vya nguo na vya bati jembamba linalong'aa juu ya mavazi na silaha za mwigizaji wampendaye. Nilinunua kumi. Watoto wa kikundi chetu, ambao sikuwaambia chochote kuhusu London, walichukua mabaki ya kanga kwa fundi cherehani na karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara, na ndani ya saa moja upanga wa mfalme ukawa unang'aa, na malkia mmoja akawa amevaa kisutu.

Duka pia hupiga na kuchapisha picha za waigizaji wa hapa. Nilimpeleka binti mmoja wa kikundi chetu, mwenye umri wa miaka 19, ambaye katika igizo letu la mwaka huu ni bibi kizee mchawi. Kazi ilikuwa safi: mwanga kutoka upande mmoja, mikunjo ya usoni iliyopakwa kwa mkaa ikaonekana ya kweli, na safari hii nilisimama juu ya meza hadi jina lake na jina la mhusika vikaandikwa chini. Sh 40,000 kwa nakala mbili za A3. Wiki mbili baadaye nilipita dukani nikakuta nakala ya tatu imetundikwa dirishani kwa kuuzwa. Hakuna aliyeulizwa, si binti, si mimi.

Kwa jambo hilo nilimweleza fundi waziwazi. Nilimkumbusha kwamba nchi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na nikamsimulia habari ya Napoleon Sarony, mpiga picha wa New York ambaye mwaka 1880 alimlipa Sarah Bernhardt dola 1,500 ili akubali tu kukaa mbele ya kamera, kwa kuwa alijua uso ule ungemrudishia zaidi ya hapo. Sarony huyohuyo alikwenda mahakamani kampuni ya uchapaji iliponakili bila ruhusa picha yake ya mwandishi Oscar Wilde, nakala 85,000, na Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki mwaka 1884. Fundi alisikiliza kwa heshima, akaiteremsha picha, akatoa pendekezo kwamba kila nakala ikiuzwa binti apate robo. Nilikuwa nimejiandaa kukataa kwa niaba yake. Lakini binti alipopelekewa habari alifurahi kuliko nilivyokasirika mimi, akataka nusu, wakakubaliana theluthi, na picha ikarudi dirishani siku hiyohiyo. Bibi yake mzaa mama ndiye hajaridhika. Anasema mjukuu wake amewekwa dirishani akiwa na sura ya mchawi na mchumba atatoka wapi.

Mengine ni madogo. Fremu za mninga ni imara na pembe zimeungwa vizuri, ila misumari ya nyuma ni ya kawaida, na kwa hewa ya chumvi ya hapa itakula kutu kabla ya mwaka kwisha. Mwombeni awatilie ya shaba. Karatasi imegusana na kioo bila nafasi, jambo linalokaribisha ukungu wakati wa masika. Hufungwa Ijumaa kuanzia saa tano na nusu hadi baada ya swala. Malipo ni taslimu au kwa simu, na oda huchukua siku tatu, ambazo kwa kawaida huwa tano.

Nilirudi kumwomba zile kanda alizozikata, nikiwa na nia ya kuzibandika nyuma ya fremu. Alipindua boksi la takataka, tukachambua pamoja, tukapata tatu: ya Siddons, ya Fisher, na ya picha moja ambayo si yangu. Ya Hogarth haikuwemo. Kwa hiyo Garrick, aliyeingia London bila jina kwenye tangazo, ametundikwa ukumbini kwetu bila jina tena, mkono wake umenyooshwa juu ya vichwa vya vijana wanaofanya mazoezi. Wao wameshampa la kwao. Wanamwita Bwana Jinamizi, na juzi nilipokuwa nikiwapanga kwenye safu nilijisikia nikisema, "Wewe, simama pale chini ya Bwana Jinamizi."